Sailensi mbovu kwenye K-Jetronic: tathmini ya seti ya geji ya presha na mashine ya moshi

Tuanze na hukumu kuhusu vifaa vya kutafutia chanzo cha sailensi mbovu (injini kutotulia pedali ya mafuta ikiwa haijakanyagwa), kwa anayesoma huku amesimama dukani. Seti ya geji ya presha ya petroli kwa ajili ya K-Jetronic (mfumo wa Bosch wa kupeleka petroli kwenye injini), ile inayouzwa ndani ya boksi la plastiki bila jina la mtengenezaji la kueleweka, inafaa kununuliwa na yeyote mwenye gari la zamani la mfumo huu. Sharti ni moja: abadilishe geji yenyewe na oringi (pete za mpira) za vali kabla hajaifunga kwenye gari. Mashine ya moshi, inayosukuma moshi kwenye njia za hewa ili kuonyesha zinapovuja, ni ya pili kwa umuhimu. Gereji inaihitaji, lakini mwenye gari moja anaweza kuazima au kuikodi kwa siku. Kifaa cha tatu ndicho watu hukimbilia kwanza, nacho ni ufunguo wa aleni wa milimita 3 unaozungusha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Huo ushikwe mwisho kabisa.

Magari tunayoyazungumzia ni yale ya Bosch K-Jetronic: Mercedes-Benz W123 za 230E na 280E, Golf GTI ya kwanza, Volvo 240 za injeksheni, Porsche 911 SC, Peugeot 505 STI na ndugu zao. Mfumo uliingia sokoni 1973 kwenye Porsche 911 T na haukuhitaji kompyuta. Hewa inayoingia kwenye injini husukuma sahani ya duara, sahani husukuma mkono, mkono huinua planja (kijiti cha chuma kinachoteleza) iliyomo ndani ya distribyuta ya mafuta, na planja hufungua nyufa nyembamba, moja kwa kila silinda, zenye upana wa karibu milimita 0.2. Petroli hutiririka muda wote injini inapozunguka. Haipigwi kwa mapigo kama kwenye injeksheni za umeme. Kinachoikandamiza planja isipande ovyo ni petroli nyingine iliyo juu yake, yenye presha ya udhibiti, na presha hiyo hupangwa na regyuleta, kile kikopo chenye soketi ya umeme na mirija miwili ya mafuta.

Wanaosema mfumo huu hauziwezi barabara zetu wakumbuke kwamba Hannu Mikkola alimaliza wa pili kwenye Safari Rally ya 1979 akiendesha Mercedes-Benz 450 SLC 5.0 yenye K-Jetronic hiyo hiyo. Vumbi haliuui. Kinachoua ni kukaa miaka bila kuwashwa, maji ndani ya tangi, na fundi mwenye haraka.

Sailensi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa mfumo huu. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 au 900 kwa dakika, sahani imefunguka kidogo sana na planja imepanda kwa kiasi cha kuhesabika kwa unene wa nywele. Hewa ya wizi, yaani ile inayoingilia kwenye mpira uliopasuka bila kupita kwenye sahani, haisikiki gari likiwa kasi ya kilomita 100. Kwenye sailensi hewa hiyo hiyo ni sehemu kubwa ya hewa yote ya injini, na petroli yake haijatolewa. Injini inatetemeka, inamisi, inapanda na kushuka, au inazima ukifika kwenye taa.

Gari lililofufuliwa lina mikosi yake zaidi. Limekaa muda mrefu, kwa hiyo petroli ya zamani imeganda kuwa utomvu kwenye planja. Mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) imebadilishwa kwa mipira ya maji iliyokuwa karibu. Manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) imefungwa upya kwa silikoni badala ya gasketi. Na mara nyingi regyuleta iliyofungwa si ya gari hilo. Imetoka kwenye injini nyingine kwa sababu inafanana kwa macho. Angalia namba iliyopigwa kwenye kikopo: huanza na 0 438 140 na kumalizika kwa tarakimu tatu. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazosema ni regyuleta ya gari gani, kwa sababu kila moja ina jedwali lake la presha kwa joto. Namba isipolingana na ya kitabu cha gari, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuchanganya.

Kabla ya kufungua boksi la geji, maliza kwanza mambo ya moto na ya injini yenyewe: kompresheni, tapeti kwa injini zinazosetiwa, plagi, waya za plagi, kifuniko cha distribyuta ya moto, taimingi. Halafu fanya jaribio moja la bure. Injini ikiwa kwenye sailensi, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, na uhakikishe waya uliochomolewa unagusa chuma cha bodi ili usiunguze moduli ya moto. Ukikuta silinda moja ambayo kuichomoa hakubadilishi chochote, ugonjwa ni wa silinda hiyo: nozeli yake, oringi ya nozeli yake, plagi, au vali. Hauwezi kuwa wa presha, kwa sababu presha ni ya wote. Zikidhoofika zote sawasawa, hapo ndipo geji inaanza kulipa gharama yake.

Jaribio la pili, la bure vilevile: injini ikitembea, fungua kifuniko cha oili. Kwenye magari mengi ya mfumo huu upumuaji wa injini umeunganishwa na manifoldi, kwa hiyo kukifungua ni kuingiza hewa ya wizi kwa makusudi. Injini nzima inatakiwa iyumbe au izime. Isiposhtuka hata kidogo, ujue tayari kuna tundu kubwa mahali pengine.

Sasa seti yenyewe. Ndani ya boksi kuna geji ya bar 0 hadi 10 yenye mizani ya pili ya psi, vali ndogo ya kufunga na kufungua, mirija miwili ya mpira yenye nyuzi za chuma, na rundo la viunganishi. Vinavyohitajika kwa K-Jetronic ni vile vya M8×1, M10×1 na M12×1.5, kutegemea gari na mwaka. Pima boliti ya mrija wako kabla ya kulipa. Seti nyingine zimejaa viunganishi vya magari ya Kimarekani na zimekosa M8×1. Bei mtandaoni kwa kawaida haifiki dola 100 kabla ya usafiri na ushuru, nayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya regyuleta iliyofanyiwa ukarabati.

Viunganishi vyenyewe vimechongwa vizuri kuliko tulivyotegemea, nyuzi zinaingia bila kulazimishwa. Lawama ziko kwingine. Washa za shaba zilizomo ni nyembamba na ngumu, zinavuja kwenye funga ya pili; tupa, nunua mpya za ukubwa sahihi, mbili kwa kila boliti yenye tundu, moja kila upande. Oringi za ndani ya vali ni za mpira wa kawaida unaovimba ukikaa na petroli, na baada ya muda vali haifungi kabisa, ikakupa kipimo cha uongo bila kukuambia. Weka oringi za Viton, mpira unaostahimili petroli. Mkono wa vali hauna alama ya upande upi umefunga. Chora mwenyewe kwa rangi. Karatasi ya maelekezo haisaidii kitu.

Lawama kubwa ni geji. Geji za bei rahisi mara nyingi huwa za daraja 2.5, maana yake zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 2.5 ya mizani yote. Kwenye mizani ya bar 10 hilo ni bar 0.25 juu au chini. Presha ya udhibiti injini ikiwa moto, kwenye magari mengi ya familia hii, inatakiwa iwe kati ya bar 3.4 na 3.8. Tofauti nzima inayoruhusiwa ni 0.4, na geji yako peke yake inaweza kukosea 0.25 kila upande. Unaweza kulaumu regyuleta nzima kwa kosa la geji. Kama uso wa geji haukuandikwa daraja lolote, chukulia ni mbaya zaidi ya 2.5. Nunua geji ya daraja 1.0, bar 0 hadi 10, iliyojazwa gliserini ili mshale usitetemeke na pampu. Nyingi hutumia nyuzi za robo inchi, hivyo hubadilishwa kwa spana mbili na tepu ya nyuzi inayostahimili petroli. Usishawishike na geji ya bar 6: bomba la kurudishia mafuta likiwa limeziba, presha ya mfumo inaweza kuipita na kuipinda. Kuihakiki ni rahisi: iunganishe kwenye kompresa pamoja na geji unayoiamini, panda hadi bar 3.5, linganisha. Hapo katikati ndipo utakapofanyia kazi.

Kufunga. Gari liwe limelala usiku mzima, injini ikiwa baridi kabisa. Kizimamoto cha poda au cha CO2 kiwe mkononi, si ofisini. Fungua taratibu mrija unaotoka katikati ya distribyuta ya mafuta kwenda kwenye regyuleta, ukiwa umeuzungushia kitambaa, kwa sababu presha inayobaki itarusha petroli. Ingiza geji kati ya distribyuta na regyuleta, vali ikiwa upande wa regyuleta. Hapa ndipo wengi wanapokosea: vali ikiwekwa upande wa distribyuta, ukifunga utaiona geji ikishuka na utadhani pampu imekufa. Ikiwa mahali pake, vali iliyofungwa hukupa presha ya mfumo, iliyofunguliwa hukupa presha ya udhibiti. Acha geji ining'inie chini ya mirija, washa pampu, kisha funga na ufungue vali mara kadhaa ili hewa itoke. Hewa ikibaki kwenye mrija mshale hucheza na kipimo cha presha inayobaki kinaharibika.

Pampu huwashwa bila kuzungusha injini kwa kuchomoa rilei yake na kuunganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wenye fyuzi ya ampea 15 na swichi. Kwenye baadhi ya Mercedes namba za tundu ni tofauti, fuata mchoro wa gari. Na kuanzia hapo sahani ya hewa isiguswe na mtu: pampu ikitembea na sahani ikisukumwa, petroli inamwagika moja kwa moja ndani ya silinda. Silinda ikijaa na ukapiga stata, petroli haibanwi, na kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Kipimo cha kwanza ni presha ya udhibiti injini ikiwa baridi. Chomoa soketi ya umeme ya regyuleta, vali wazi, pampu iwashwe kwa muda usiozidi dakika moja. Kinachosomeka hutegemea joto la mahali ulipo. Regyuleta nyingi hutoa karibu bar 1.5 kwenye nyuzi 20, na zaidi kadri joto linavyopanda, kwa hiyo asubuhi ya Mombasa na asubuhi ya Iringa hazitoi namba moja. Tumia jedwali la namba ya regyuleta yako na kipimajoto cha kweli. Presha ikiwa chini ya jedwali, planja inapanda kirahisi na mchanganyiko unakuwa mzito (petroli nyingi). Ikiwa juu, mchanganyiko unakuwa mwepesi (petroli kidogo). Kanuni hii ya kinyume huwachanganya waliozoea injeksheni za umeme, ambako presha kubwa ni mafuta mengi.

Funga vali usome presha ya mfumo. Golf GTI ya kwanza na 911 SC zinataka bar 4.5 hadi 5.2, Mercedes nyingi huenda juu ya 5. Ikiwa chini, shuku filta iliyoziba, pampu iliyochoka, au vali ya presha iliyo ubavuni mwa distribyuta. Ikiwa juu, bomba la kurudisha mafuta tangini limebanwa au limejaa uchafu, jambo la kawaida kwenye tangi lililopakwa rangi ya ndani wakati wa kufufua gari, rangi ikabanduka. Vali ya presha husahihishwa kwa vishimu (washa nyembamba za kuongeza unene): unene wa milimita 0.1 hubadilisha karibu bar 0.06, na milimita 0.5 karibu bar 0.3. Usiongeze kishimu kabla hujaipima pampu. Utakuwa unaficha pampu mbovu.

Sasa fungua vali, rudisha soketi ya regyuleta, washa injini. Mshale unatakiwa upande polepole na kutulia ndani ya dakika chache kwenye 3.4 hadi 3.8. Hiki ndicho kipimo kinachofumbua sailensi mbovu kuliko vingine vyote. Ukibaki chini, regyuleta haipati umeme au kipashio chake kimekatika: pima soketi, inatakiwa iwe na volti 12 injini ikitembea, na pima kipashio, kwa kawaida karibu ohm 20. Gari la namna hii huwaka vizuri asubuhi, halafu likipata moto linavuta moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, sailensi inayumba. Ukipanda juu ya 4, chujio dogo la waya kwenye mlango wa regyuleta limeziba au mrija wake wa kurudi umebanwa. Mchanganyiko ni mwepesi na injini inatetemeka bila kutoa moshi. Chujio hilo ni dogo kuliko ukucha na hakuna anayelikumbuka. Litoe, lisafishe kwa petroli safi na hewa, lirudishe. Kuliacha nje ni kukaribisha kutu ndani ya vali yenyewe.

Regyuleta nyingine zina mpira wa vakyumu. Ukiuchomoa injini ikiwa kwenye sailensi, presha inatakiwa ishuke waziwazi. Isiposhuka, diaframu imepasuka au mpira umeunganishwa pasipo pake, upande wa throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) usio na vakyumu kwenye sailensi. Kwenye gari lililofungwa upya baada ya rangi hilo la pili hutokea zaidi, kwa sababu kuna matundu mawili yanayofanana na hakuna aliyepiga picha kabla ya kufungua.

Presha inayobaki tunaitaja kwa kifupi, kwa kuwa hutesa zaidi uwashaji wa injini moto kuliko sailensi. Zima injini, soma baada ya dakika 10 na 20. Golf GTI ya kwanza haitakiwi ishuke chini ya karibu bar 1.6 kwa dakika 20. Ikianguka haraka, wahusika ni vali ya kuzuia kurudi iliyo kwenye pampu, akumuleta (kopo linalotunza presha pampu ikizimwa), oringi ya vali ya presha, au nozeli inayodondoka. Ukisikia injini inamisi kwa sekunde chache tu baada ya kuwashwa ikiwa moto, kisha inatulia, ni huku.

Ikiwa presha zote ni sahihi na silinda moja bado ni dhaifu, geji imemaliza kazi yake na inapaswa kupisha chupa. Chomoa nozeli zote bila kuzifungua kwenye mirija yake, ingiza kila moja kwenye chupa yenye alama za mililita, washa pampu, sukuma sahani kidogo hadi zote ziteme. Acha mpaka chupa iliyotangulia ifike mililita 20. Hatukubali tofauti inayozidi mililita 3 kati ya chupa iliyojaa zaidi na iliyobaki nyuma. Ikizidi, badilishana nozeli kati ya mirija miwili na urudie. Tofauti ikihama na nozeli, nozeli ni mbaya; ikibaki kwenye mrija ule ule, uchafu uko ndani ya distribyuta. Wakati huohuo tazama umbo la petroli inayotoka: iwe ukungu wa koni, si uzi, na pampu ikizimwa isidondoke. Nozeli ya mfumo huu hufunguka yenyewe kwa presha ya karibu bar 3, haina waya, kwa hiyo mashine za kuoshea nozeli za umeme hazifai isipokuwa zina kiunganishi chake.

Nozeli zikiwa nje, badilisha oringi zake bila kujadiliana. Kwenye Golf na kwenye Mercedes nozeli husukumwa tu ndani ya kichwa cha injini na kushikwa na mpira. Mpira ukikauka kwa joto hugeuka mgumu kama plastiki na hewa hupenya pembeni mwake moja kwa moja kwenye silinda hiyo. Ndiyo chanzo cha kawaida zaidi cha silinda moja kumisi kwenye gari ambalo limepakwa rangi nzuri, limefungwa krome mpya, na halijaguswa mipira yake ya shilingi chache. Loanisha oringi mpya kwa petroli kabla ya kuiingiza, na kama kuna kikombe cha plastiki ndani ya kichwa, kibadilishe nacho, maana nyuzi zake hulegea na kuvuta hewa.

Usisahau nozeli ya ziada ya kuwashia baridi, iliyo kwenye manifoldi. Itoe, ifute kavu, washa pampu: isitoe tone kwa dakika moja. Ikivuja, inamwaga petroli isiyohesabiwa kwa silinda zote, na mtu atapunguza mchanganyiko kwa skrubu kuificha, kisha gari litakuwa jepesi barabarani. Na vali ya hewa ya ziada, inayopandisha sailensi injini ikiwa baridi, inatakiwa iwe imefunga kabisa injini ikipata moto. Bana mpira wake kwa koleo lenye mdomo wa mpira: sailensi ikishuka, haijafunga.

Planja iliyonata hugundulika hivi. Jenga presha kwa pampu kwa sekunde chache, zima, kisha sukuma sahani kwa sumaku au koleo. Uzito uwe sawa mwendo wote. Iachie kwa haraka: irudi bila kushikwa popote. Ikikwama katikati, fungua distribyuta kwa usafi wa chumba cha upasuaji, toa planja, ioshe kwa petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Msasa, hata ule laini kuliko wote, ni marufuku, kwa sababu planja na silinda yake vimesagwa pamoja na hakuna spea ya moja bila nyingine. Ikianguka sakafuni, ukingo wake ukabonyea, umenunua distribyuta. Kwenye Golf, hakikisha pia sahani imekaa katikati bila kugusa ukuta, na ukingo wake uko sawa na mwanzo wa koni au chini yake kwa milimita 0.5, si zaidi.

Mashine ya moshi. Tulizipima mbili za aina moja: zile zinazochemsha mafuta ya madini kwa kipashio cha volti 12 na kusukuma moshi kwa pampu yake ndogo. Zinachotakiwa kutoa ni presha ndogo sana, bar 0.03 hadi 0.07. Chagua yenye geji na regyuleta yake. Isiyo na hivyo, ukiiunganisha na kompresa ya gereji, itang'oa mipira iliyokuwa mizima. Kwa K-Jetronic, ziba njia ya hewa kabla ya sahani, kwa plagi ya povu au glavu iliyofungwa vizuri, ingiza moshi kupitia mpira wa busta ya breki, na usubiri dakika mbili au tatu kabla ya kutazama. Injini iwe baridi, betri imechomolewa, na mirija ya petroli imefungwa. Mafuta ya moto na mvuke wa petroli havikai pamoja.

Moshi ukitoka kwenye eksozi usishtuke, kuna vali iliyo wazi. Zungusha injini kidogo kwa mkono. Ukitoka kwenye kijiti cha oili au chini ya kifuniko cha vali, huo si wa kupuuzwa kama kwenye magari mengine: kwenye mfumo huu hewa ya hapo ni hewa ya wizi. Badilisha mpira wa kijiti na gasketi ya kifuniko. Mahali tunapopendekeza kutazama kwanza ni upande wa chini wa mpira mnene unaounganisha sahani na throto. Hupasuka kwenye mikunjo ambako jicho halifiki, na mpasuko hufunguka tu injini ikiyumba. Tochi na kioo cha meno vinasaidia.

Udhaifu wa mashine hizi ni kwamba hazionyeshi nozeli zinazovuta hewa kidogo sana, kwa sababu moshi hupotea katikati ya mirija. Ndiyo maana tunasema oringi za nozeli zibadilishwe bila kusubiri ushahidi. Mbadala wa kupulizia dawa ya kabureta kwenye manifoldi na kusikiliza injini ikipanda unafanya kazi, lakini unafanyika juu ya eksozi ya moto. Hatuupendekezi kwenye injini ambayo eksozi na manifoldi ziko upande mmoja.

Skrubu ya mchanganyiko ndiyo hatua ya mwisho, na haifanywi bila mashine ya kupima CO (kaboni monoksidi) kwenye eksozi. Magari yasiyo na katalisti kwa kawaida hutaka asilimia 1 hadi 2. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kuizungusha kufuata mwelekeo wa saa huongeza mafuta, kinyume chake huyapunguza. Geuza kidogo kuliko unavyofikiri, toa ufunguo, piga mafuta mara moja, subiri itulie, soma. Ufunguo ukiachwa ndani wakati unapiga mafuta, unakwama na sahani na kupinda mkono wake. Wala usiukandamize ukiwa umeingia, kwa sababu utazima injini au kuijaza mafuta.

Urefu wa mahali unahesabika. Sahani hupima mwendo wa hewa, haijui wepesi wake, kwa hiyo gari lililosetiwa Dar es Salaam usawa wa bahari huwa na mchanganyiko mzito likifika Nairobi, karibu mita 1,700 juu. Baadhi ya regyuleta zina kapsuli ya kufidia mwinuko, nyingi hazina. Seti gari mahali linapoishi. Kwa anayesafiri mara moja moja kwenda juu, kuliacha kama lilivyo ni bora kuliko kulisumbua njiani.

Nani asinunue seti hii? Mwenye injeksheni ya umeme ya L-Jetronic, kama Peugeot 505 GTI ya lita 2.2. Mfumo wake hufanya kazi kwenye bar 2.5 au 3 hivi, hauna regyuleta ya udhibiti, na geji ya kawaida yenye kiungo cha T kwenye mrija wa nozeli inamtosha, kwa bei ya chini zaidi. Mwenye KE-Jetronic, kama Mercedes W124 na 190E, anaweza kuitumia kwa presha ya mfumo, ila atahitaji pia mita ya miliampea kwenye kipuli cha umeme kilicho ubavuni mwa distribyuta, kazi ambayo seti hii haiifanyi. Kwa wengine wote, agiza pamoja nayo washa za shaba ishirini za saizi ya gari lako, oringi za Viton za nozeli zote na za akiba mbili, na filta mpya ya petroli. Kati ya vyote, filta ndiyo wengi wanayoiruka, kisha wanashangaa presha imeshuka tena baada ya mwezi.